Neva Ndefu na Kidole cha Mguu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni, baada ya chakula cha mchana)



Kamati iliponiomba nizungumze iliniachia nichague mada mwenyewe, kwa sharti moja tu, kwamba nisizidishe nusu saa, maana saa kumi kamili kuna mpira kati ya waliomaliza kabla ya mwaka 1980 na waliomaliza baadaye. Nimetii. Aidha, nimechagua mada isiyo mbali na mpira huo. Nitazungumza juu ya neva inayokwenda kwenye kidole gumba cha mguu.

Ninayo sababu. Katibu alipotusomea asubuhi majina ya walioomba radhi kwa kutofika, watatu walikuwa wa darasa langu, la mwaka 1974. Wote watatu wamekatwa mguu. Hakuna aliyepata ajali ya gari. Mmoja alikanyaga msumari shambani asubuhi, akaendelea na kazi, na jioni mjukuu wake ndiye aliyemwonyesha damu kwenye soksi. Yeye mwenyewe hakuwa amesikia kitu. Wote watatu wana kisukari, na wote watatu neva za miguu zilikuwa zimekufa ganzi miaka mingi kabla ya kidonda cha kwanza. Humu bwaloni, nikikadiria kwa umri wetu, wenye kisukari si wachache. Kwa hiyo naomba mnisikilize kama watu wanaosikiliza habari zao wenyewe.

Swali langu ni hili: kwa nini ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu, tena miguu yote miwili, ndipo ipande polepole, na mikono ifuate nyuma sana? Sukari imo katika damu yote. Kwa nini ichague vidole?

UMBALI

Mkienda buchani mkatazama paja la ng'ombe mtaona kamba nyeupe, ngumu, inayopita kati ya minofu. Hiyo ni neva. Kamba hiyo ni fungu la nyuzi maelfu, na kila uzi ni mkono mmoja mrefu wa seli moja. Mkono huo huitwa aksoni. Mwili wa seli yenyewe, wenye kiini na maandishi yote ya urithi, hauko mguuni. Kwa neva ya kuhisi ya kidole gumba, mwili wa seli uko kando ya uti wa mgongo, sehemu ya chini ya mgongo. Kutoka hapo hadi kidoleni, kwa mtu mzima, ni kama mita 1. Seli moja, urefu wa mita 1!

Sasa tupanue vipimo ili macho yaone. Mwili wa seli hiyo una upana wa kama mikromita 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita. Tuufanye uwe nyumba yenye upana wa mita 10 iliyojengwa Dar es Salaam. Kwa kipimo hicho hicho, aksoni yake itakuwa njia ya kilomita 200. Itatoka nyumbani, itapita Kibaha, itapita Chalinze, na haitaishia kabla ya kufika Morogoro. Na upana wa njia hiyo ni mita 2 tu, nyingine nyembamba kuliko hapo. Vijana wa hisabati wakitaka wapige hesabu: ujazo wa njia hiyo nyembamba unauzidi ujazo wa nyumba yenyewe zaidi ya mara 1,000.

Basi nyumba moja inalisha kitu kinachoizidi mara elfu, na sehemu yake ya mwisho iko Morogoro. Kwa njia gani?

RELI NA WAPAGAZI

Tulipokuwa hapa shuleni jibu lilikuwa fupi. Kila kitu hutengenezwa katika mwili wa seli, kisha husafirishwa. Jibu hilo lilikuwa na ushahidi mzuri. Mwaka 1948 Paul Weiss na Helen Hiscoe, huko Chicago, walibana neva za panya wakaona aksoni zinavimba upande wa juu wa pale zilipobanwa, mfano wa mfereji uliozibwa. Kumbe kuna kitu kinachotiririka kutoka juu kwenda chini. Walipolegeza, shehena iliyokwama ikaendelea na safari kwa mwendo wa milimita 1 au 2 kwa siku.

Baadaye ikagunduliwa kwamba kuna msafara mwingine wa haraka, unaofikia milimita 400 kwa siku. Huo hufika kidoleni kwa siku mbili na nusu. Mwaka 1985 ndipo alipofahamika mpagazi wenyewe. Ron Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz walimpata katika aksoni nene ya ngisi, wakamwita kinesini. Ni protini yenye miguu miwili, nayo hutembea hasa. Njia anayopita ni mirija myembamba iitwayo mikrotubuli, iliyolazwa ndani ya aksoni kama reli. Msidhani ni reli moja isiyokatika. Ni vipande vifupi vinavyopishana, na mpagazi mmoja akidondoka mwingine hupokea mzigo, kama walivyopokezana wapagazi wa misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Hatua moja ya kinesini ni sehemu 8 tu za mita iliyogawanywa mara milioni elfu moja; yaani, kwa lugha nyepesi, kutoka mgongoni hadi kidoleni ni hatua kama milioni 125, na kila hatua hulipiwa kipande kimoja cha nishati.

Kinesini hupeleka mizigo chini. Wa kuirudisha juu ni mpagazi mwingine aitwaye daineini. Yeye hubeba vilivyochakaa ili vikasagwe, na hubeba habari. Mkijikata kidole, habari ya jeraha hupandishwa hadi kwenye mwili wa seli kwa msafara huu, nao mwili wa seli huanza kujiandaa kwa ukarabati.

VITUO VYA NGUVU

Katika mizigo inayoshuka, mkubwa kuliko yote kwa maana yake ni mitokondria. Vijana mnajua kwamba hizo ndizo zinazotengeneza nishati ya seli. Jambo la kuangalia ni tabia yao ndani ya aksoni. Katika aksoni iliyokomaa nyingi hazitembei. Zimeegeshwa, tena si ovyo. Zimeegeshwa mahali penye matumizi makubwa: kwenye matawi, kwenye ncha, na pale ambapo ishara ya umeme huongezewa nguvu. Protini moja inayoitwa sintafilini huzifunga kwenye reli, kama jahazi linavyotiwa nanga. Na pale ambapo neva inafanya kazi sana kalsiamu huongezeka, na kalsiamu hiyo humwambia mpagazi ashushe mzigo hapo hapo. Kwa hiyo wala hahitaji amri kutoka Dar es Salaam. Kazi yenyewe ndiyo inayosimamisha gari.

Lakini mitokondria huchakaa. Inahitaji protini mpya kila wakati, zaidi ya aina elfu moja, na karibu zote hutengenezwa nje yake. Hapa ndipo jibu la zamani lilipoanza kuyumba. Bidhaa nyingi za aksoni husafiri na ule msafara wa polepole. Kwa milimita 1 kwa siku, mita 1 ni siku 1,000, karibu miaka mitatu. Protini nyingi hazina maisha ya namna hiyo. Maisha yao ni ya siku au majuma. Ukipakia nyanya kwenye gari litakalofika baada ya miaka mitatu, litakachoshusha si nyanya.

VIWANDA VIDOGO KANDO YA NJIA

Seli hutengeneza protini kwa mitambo midogo iitwayo ribosomu. Katika kipimo chetu cha nyumba na njia, ribosomu moja ina ukubwa wa punje ya pilipili manga. Mtambo huo husoma ujumbe wa RNA, ambao ni nakala ya maandishi ya kiini, na kuunga asidi amino moja baada ya nyingine.

Mwaka 1955 Sanford Palay na George Palade walitazama seli za neva kwa hadubini ya elektroni. Katika mwili wa seli waliona punje hizo zimejaa. Katika aksoni hawakuziona. Ikaandikwa vitabuni kwamba aksoni ni mlaji mtupu. Wapo waliokataa. Edward Koenig katika miaka ya 1960 alionyesha dalili za protini kutengenezwa ndani ya aksoni, na mwaka 1968 Antonio Giuditta na wenzake waliitenga aksoni nene ya ngisi na mwili wake wa seli wakaonyesha bado inaunga asidi amino. Wengi waliwajibu kwamba huenda kazi hiyo ilifanywa na seli jirani zinazoizunguka aksoni. Mjadala ukalala kwa miaka mingi.

Uliamka kwa kishindo mwaka 2001. Huko Cambridge, Uingereza, Douglas Campbell na Christine Holt walichukua neva za jicho la chura mwenye kucha, yule wa kusini mwa Afrika, zikiwa bado zinakua. Wakazikata aksoni kutoka kwenye miili ya seli. Ncha zilizokatwa ziliendelea kutambaa, na zilipowekewa kemikali ya kuziongoza ziligeuka kuifuata. Walipotia dawa inayozuia utengenezaji wa protini, ncha zikaacha kugeuka. Makao makuu hayakuwapo tena. Protini ilikuwa inatoka wapi kama si pale pale?

Wengine wakasema: sawa, lakini hao ni vichanga, mtu mzima ni mwingine. Mwaka 2016 kundi la Holt lilionyesha kwamba hata katika panya mzima ribosomu za aksoni zinasoma ujumbe wa aina nyingi. Na mwaka 2020 watafiti wa Frankfurt, Ujerumani, walieleza sababu mojawapo iliyofanya macho ya zamani yasione. Wachunguzi walikuwa wanatafuta ribosomu zilizopangana kwenye ujumbe mmoja kama shanga katika uzi. Katika matawi membamba ya seli za neva kazi nyingi hufanywa na ribosomu moja moja. Shanga moja iliyoanguka sakafuni si rahisi kuiona.

Utaratibu wenyewe unapendeza. Mwili wa seli hautumi kila bidhaa. Hutuma maandishi ya namna ya kuitengeneza. Nakala moja ya RNA ikifika yaweza kusomwa mara nyingi. Nakala hizo hudandia vyombo vingine vinavyosafiri: nyingine hupanda lisosomu, nyingine endosomu. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba endosomu zilizobeba ujumbe na ribosomu husimama kando ya mitokondria, na hapo hutengenezwa protini ambazo mitokondria inazihitaji. Kiwanda kimehamia mlangoni kwa mteja! Mwaka 2022 ikaonekana kwamba mitokondria zenyewe hubeba nakala ya ujumbe wa Pink1, protini inayosaidia kutambua mitokondria mbovu ili iondolewe. Kila gari limepewa kitabu chake cha ukaguzi.

Ndugu zangu mliofanya kazi serikalini mnakumbuka Madaraka Mikoani ya mwaka 1972. Sitaki kufufua mabishano yake hapa. Ila seli ya neva ilikuwa imekwisha kulimaliza tatizo hilo mamilioni ya miaka kabla yetu. Makao makuu yameweka sheria zote kwao, lakini uamuzi wa leo asubuhi, kitengenezwe kitu gani na wapi, umeachiwa kidole.

DAWA MBILI NA UGONJWA WA URITHI

Mtaniuliza: haya yote yanatufaa nini? Tuangalie yanapoharibika. Nitatoa mifano mitatu, wa reli, wa vituo vya nguvu na wa viwanda.

Wa kwanza. Kuna ua la waridi au jeupe lenye asili ya Madagascar, ambalo wengi wetu wa pwani tumelipanda mbele ya nyumba bila kujua sifa zake. Katika mmea huo hupatikana dawa ya vinkristini, ambayo imeokoa watoto wengi wenye saratani ya taya, ile aliyoieleza Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958. Vinkristini huua seli za saratani kwa kuvunja mikrotubuli. Lakini mikrotubuli ndiyo reli ya neva. Mgonjwa hupona saratani huku akilalamika ganzi na kuchomachoma, na malalamiko huanzia kwenye ncha za vidole.

Wa pili. Dawa za kwanza za kupunguza makali ya UKIMWI zilizoenea katika hospitali zetu zilikuwa pamoja na stavudini. Iliwainua vitandani watu waliokuwa wamekata tamaa, na lazima tuishukuru. Lakini iliharibu mitokondria, na baada ya miezi wagonjwa wengi walisema nyayo zinawaka moto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziache kuitumia hatua kwa hatua. Hapo reli ilikuwa nzima; vituo vya nguvu ndivyo vilivyozimika. Na moto ulianzia wapi? Kwenye nyayo.

Wa tatu. Zipo familia chache duniani zenye ugonjwa wa urithi unaodhoofisha mikono na miguu. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba katika baadhi yao kasoro imo kwenye kimeng'enya kinachoandaa asidi amino iitwayo glisini kwa ajili ya ribosomu. Kimeng'enya hicho kinatumika katika kila seli ya mwili, katika ini, ngozi na moyo. Lakini viungo hivyo havilalamiki. Zinazolalamika ni neva ndefu.

Mambo matatu tofauti, na mlango wao wa kuingilia ni mmoja. Ukiharibu reli, ukizima vituo vya nguvu, ukikwamisha viwanda, wa kwanza kuumia ni yule aliye mbali. Hilo ndilo jibu la swali langu. Kisukari hakichagui vidole. Sukari ikizidi kwa miaka huumiza mishipa midogo ya damu inayolisha neva, na huumiza mitokondria zenyewe. Neva fupi ina akiba ya kuvumilia. Neva ya mita 1 imekuwa ikiishi ukingoni tangu siku ulipoacha kukua, na ikipungukiwa kidogo tu, ncha hufa kwanza. Ganzi ikifika karibu na magoti ndipo vidole vya mikono huanza, kwa sababu sasa umbali umelingana.

TUFANYE NINI

La kwanza ni kudhibiti sukari mapema. Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza madhara ya neva kwa kiasi cha asilimia 60. Kwa kisukari cha ukubwani, ambacho ndicho chetu wengi, faida kwa neva ni ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo tusitegemee vidonge peke yake.

La pili ni kujipima, na leo usiku kila mmoja anaweza. Kipimo hiki kilibuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza, nacho hakihitaji chombo chochote. Lala, fumba macho. Mkeo au mjukuu wako akuguse kwa ncha ya kidole, taratibu kabisa bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Ni miguso sita. Wewe useme kila unapohisi. Ukikosa miwili au zaidi, usingoje maumivu, kwa sababu maumivu hayatakuja. Nenda hospitali wakaitazame miguu yako.

La tatu, ambaye neva zake zimekwisha kufa ganzi ayape macho kazi ya neva. Tazama nyayo kila jioni, na kama mgongo haukunji tumia kioo. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Usitembee peku, hata uani. Maji ya kunawa yapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Usiote moto kwa miguu. Sugu usijikate kwa wembe. Na kidonda kidogo, hata kisichouma, hasa kisichouma, kipeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Wenzetu wale watatu hawakuwa wazembe. Mmoja alikuwa kiranja wetu wa usafi, na wanaomkumbuka wanajua alivyokuwa akitukagua kucha. Walingoja kuumwa, kama sisi sote tulivyozoea kungoja kuumwa ndipo twende kwa daktari. Kwa ugonjwa huu kungoja huko ndiko kunakopoteza mguu.

Kwenu vijana nina neno moja. Mambo mengi niliyoyasema leo hayakuwamo katika kitabu cha biolojia tulichosomea katika maabara ile pale, na mengine yamejulikana ninyi mkiwa mmekwisha kuzaliwa. Bado haijaeleweka vizuri kwa nini kasoro ya kimeng'enya kilichomo katika seli zote iumize neva peke yake kwa kiasi kile, wala hakuna dawa inayoirudisha ncha ya neva iliyokufa kwa kisukari. Kuna kazi inayowangoja.

Ndugu Mwenyekiti, naona Ndugu Katibu anatazama saa. Wachezaji wenzangu wa kabla ya 1980, kabla hamjavaa viatu vya mpira, vingeukeni ndani kwanza.